Kuingia si kukaa: rimu na matairi ya Premio yangu

Kwenye nguzo ya mlango wa dereva wa Toyota Premio yangu kuna kibandiko kidogo cha Kijapani. Sijui kusoma Kijapani, lakini katikati yake ipo namba inayosomeka na kila mtu: 195/65R15. Nilikaa na gari lile miaka miwili, nikifungua na kufunga mlango ule kila siku, bila kuitazama hata mara moja. Naandika makala haya kwa ajili ya mtu ambaye leo amesimama mbele ya duka la rimu, pesa iko mfukoni, na anakaribia kufanya nilichofanya mimi.

Nilichofanya ni hiki. Nilikwenda Gerezani, Kariakoo, kutafuta taa ya nyuma, nikaona rimu za inchi 17 zimetundikwa ukutani. Zilikuwa nyeusi, kingo zake zinang'aa, zimeshafungwa matairi mapya. Nilizipenda, na mpaka leo sioni aibu kusema hivyo. Gari la mtu ni kama kanzu yake ya sikukuu, ana haki ya kutaka lipendeze. Nikamuuliza muuzaji swali moja tu: "Zinaingia kwenye Premio?" Akanijibu bila kusita: "Zinaingia, bosi. Premio kibao zimefunga hizi."

Hakunidanganya. Ziliingia. Nati zilikaza, usukani ulikata kona bila kugusa popote, na gari likawa zuri kweli. Tatizo lilikuwa kwenye swali langu. Rimu inaweza kuingia kwenye gari na bado gurudumu zima lisilikae gari hilo. Matairi yaliyokuja na zile rimu yalikuwa 205/40R17, na mimi sikujua namba hizo zinasema nini.

Desemba ile nikampeleka mama Iringa. Ukishapita Morogoro mjini, kabla ya kufika hifadhi ya Mikumi, unapita Doma. Hapo karibu, giza limeshaanza kuingia, gurudumu la mbele kushoto likatumbukia kwenye shimo. Halikuwa shimo la ajabu. Upana wake kama sinia, na basi lililokuwa mbele yangu lilipita juu yake bila hata kupunguza mwendo. Sisi tulisikia mlio wa chuma kugonga jiwe, usukani ukaanza kuvuta kushoto, na nilipofanikiwa kusimama pembeni tairi lilikuwa limepasuka ubavuni na mdomo wa rimu umejikunja kwa ndani. Mama alikuwa ameketi nyuma. Akauliza taratibu, "Tumegonga nini, mwanangu?" Mikono yangu ilitetemeka kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka aone.

Nikafunga spea, tukajikongoja mpaka Mikumi. Pale pembeni ya barabara tukamkuta fundi wa pancha, mzee mwenye kibanda cha mabati na kompresa inayonguruma. Hakuanza na rimu. Alipiga magoti, akaweka vidole vyake ubavuni mwa tairi lililopasuka, akahesabu kutoka kwenye chuma hadi kwenye kashata, ile sehemu ya mpira inayokanyaga barabara: vidole vinne. Akaenda kwenye spea, ambayo ilikuwa bado ile ya kiwandani, akahesabu tena: sita, na kidole cha saba kikapata nafasi kidogo. Akasema, "Mwanangu, hili halina ukuta. Shimo likija, linakutana na chuma moja kwa moja."

Kisha akafanya jambo ambalo nilielewa sababu yake baadaye. Alilitoa tairi zima la nyuma, akalipeleka mbele, na ile spea akaiweka nyuma. Premio yangu inavutwa na magurudumu ya mbele. Ukiweka mbele magurudumu mawili yenye vimo tofauti, moja litazunguka haraka kuliko jingine hata barabara ikiwa imenyooka, na difu iliyo ndani ya giaboksi, inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, itakuwa kazini safari nzima bila kupumzika. Nyuma, kwenye gari la namna hii, magurudumu yanafuata tu. (Mwenye Subaru au gari lolote linalovutwa na magurudumu manne asiige hata hilo la nyuma, kwake yote manne yanatakiwa yalingane.)

Tulipofika Iringa, mama alipolala, nilichukua kalamu na risiti ya mafuta, nikafanya hesabu ambayo ningeifanya Gerezani ingenichukua dakika mbili.

Namba za tairi husomwa hivi. Ile 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 65 si milimita. Ni asilimia ya huo upana, na ndiyo inayokupa kimo cha ukuta. Ile 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Basi asilimia 65 ya 195 ni kama 126.75, huo ndio ukuta. Kuna ukuta juu na ukuta chini, jumla 253.5. Ongeza rimu, 15 mara 25.4, yaani 381. Kimo cha gurudumu zima ni milimita 634.5.

Hiyo 634.5 ndiyo namba ya Premio yangu. Giaboksi, spidomita, nafasi iliyo ndani ya madigadi, yote yalipangwa kwa kuzingatia kimo hicho. Rimu unaweza kuikuza, mradi ukuta wa mpira upungue kwa kiasi kilekile, ili kimo cha nje kibaki palepale au karibu sana na pale. Wanaofanya kazi hii kwa makini hawapendi tofauti ivuke asilimia 3, na mimi sasa nikiona hata 2 nasita.

Nikapiga hesabu ya nilichokuwa nimefunga. Asilimia 40 ya 205 ni 82. Mara mbili, 164. Rimu ya 17 ni 431.8. Jumla 595.8. Gurudumu langu lilikuwa limepungua karibu milimita 39, zaidi ya asilimia 6. Nusu ya upungufu huo, milimita 19, gari lilikuwa limeshuka kuelekea chini, na mimi nilikuwa nikiwalaumu watengeneza matuta wa mtaani kwetu kwa kunikwangua tumbo la gari. Ukuta wa 126.75 ulikuwa umebaki 82.

Na spidomita ilikuwa inanidanganya. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na gari halijui kwamba umebadilisha. Linahesabu mizunguko tu. Ikionyesha 100, mwendo wa kweli ulikuwa kama 94. Safari ya kilomita 500 ilihesabiwa kama 532. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini miezi ile nilikuwa nikijisifu kwa rafiki zangu kwamba gari limeanza kula mafuta kidogo. Halikula kidogo. Kilomita ndizo zilizokuwa za uongo.

Afadhali hilo kuliko kinyume chake. Anayefunga gurudumu kubwa kupita kiasi huona 50 kwenye dashibodi huku akienda kasi zaidi, na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo pale mwanzo wa kijiji hatasikiliza maelezo ya kipenyo.

Usiku ule niliandika saizi zote zinazotajwa tajwa kwa magari ya kimo hiki, nikazipima moja moja. 205/60R15 ilitoa 627, iko sawa, na haihitaji rimu mpya. 205/65R15, ambayo mafundi wengi hupendekeza kwa anayetaka gari liinuke kidogo, ilitoa 647.5, imezidi kwa asilimia 2, na faida yake chini ya gari ni milimita 6.5 tu, unene wa kidole cha mtoto. 205/50R17 ilitoa 636.8, karibu kabisa na ya kiwandani, ila ukuta wake ni 102.5. 215/45R17 ilitoa 625.3, ukuta chini ya 97. Hata inchi 18 ina mwenzake: 225/40R18 inafika 637.2, kimo safi kabisa kwenye karatasi, lakini ukuta umebaki milimita 90, na mimi nilikuwa nimeshaona kinachotokea kwa ukuta mfupi hapo Doma.

Halafu 205/55R16. Ukuta 112.75, kimo 631.9. Tofauti na kiwandani ni milimita 2.6, chini ya nusu ya asilimia. Rimu inakua kwa inchi moja, macho yanaridhika, mpira unapungua milimita 14 tu. Tena ni saizi inayotumiwa na magari mengi duniani, kwa hiyo huikosi dukani, na bei yake haikuumizi kama saizi za nadra. Niliipigia duara.

Najua yupo atakayesema inchi 17 zinapendeza zaidi. Ni kweli. Mtu anayekwenda kazini na kurudi kwa barabara ya lami nzuri, hana safari za usiku mikoani, aende na 205/50R17 kwa moyo mweupe. Ninachokataa ni kufunga ukuta wa milimita 82 kwenye gari la familia linalopita Mikumi, yenye matuta ndani ya hifadhi, na mlima wa Kitonga, wenye malori. Hapo nasimama, na sitabadilisha msimamo.

Kupata saizi ya tairi ni nusu ya kazi. Rimu nayo ina lugha yake, na inaandikwa mgongoni, upande ambao muuzaji hakuonyeshi.

Kwanza matundu. Premio na Allion za kizazi hiki zina nati 5, zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100. Fundi atakwambia "tano mia". Mark X nayo ina nati 5, lakini duara lake ni 114.3, na kwa macho huwezi kuzitofautisha hata ukizitazama asubuhi mpaka jioni. Ndiyo maana siku hizi kuna rimu zenye matundu 10, matano ya hili na matano ya lile. Mimi binafsi sizipendi, maana chuma kinachobaki kati ya tundu na tundu ni kidogo, lakini nakiri zimesaidia wengi. Asikuambie mtu kwamba nati zitavuta rimu mpaka ikae. Nati iliyokazwa kwa mshazari ni nati itakayolegea.

Pili, tundu la katikati. Kwenye Premio habu, yaani kitovu ambacho rimu huvalishwa, ina kipenyo cha milimita 54.1. Rimu za dukani hutobolewa tundu kubwa, mara nyingi 73.1, ili ziuzike kwa magari mengi. Hilo pengo la katikati lisipozibwa, rimu inashikiliwa na nati peke yake, na ikikaa nje ya kitovu hata kidogo, ukifika mwendo wa 80 au 90 usukani unaanza kutikisika. Mtu atabalansi mara tatu na mtikisiko hautaisha. Dawa yake ni pete nyembamba, ya plastiki ngumu au aluminiamu, nje 73.1 na ndani 54.1. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na rimu, na ndicho kitu ambacho sikuwahi kusikia muuzaji akikitaja bila kuulizwa.

Tatu, na hapa ndipo wengi hupotea, ni ile namba yenye herufi ET. Chukua rimu, igawe katikati kwa upana. ET ni umbali wa milimita kutoka kwenye mstari huo wa katikati hadi kwenye uso unaogusa habu. ET ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani kuelekea shokapu. Ikiwa ndogo, linatoka nje kuelekea ukingo wa madigadi. Lakini usiisome peke yake. Isome pamoja na upana wa rimu, kwa sababu rimu pana inakua pande zote mbili.

Rimu nilizoletewa na gari kutoka Japani zina upana wa inchi 6 na ET 45. Nusu ya inchi 6 ni milimita 76.2. Kwa hiyo upande wa nje rimu inasimama 31.2 kutoka kwenye habu, na upande wa ndani 121.2. Nilikuwa nimependa rimu moja ya inchi 7 yenye ET 35: nje ingefika 53.9, ndani 123.9. Yaani ingetokeza nje karibu milimita 23 zaidi ya ya zamani. Ukipakia abiria wanne na mizigo, ukaruka tuta, tairi litalamba madigadi. Na hata lisipolamba, uzito wa gari unahama kutoka mahali ambapo beringi ilipangwa kuubeba, na usukani unakuwa mzito na mtundu kwenye mashimo.

Kinyume chake kipo kwenye rimu za Subaru Impreza za zamani, ambazo nazo ni tano mia, na watu wa Premio huzikimbilia kwa sababu ni nzuri, imara na za kiwandani. Tundu lao la katikati ni 56.1, pete ndogo inatosha. Ila nyingi zina ET ya 48 hadi 55. Rimu ya inchi 7 yenye ET 55 inaingia ndani mpaka 143.9, zaidi ya milimita 22 kuelekea shokapu. Hapo ndipo fundi anapokuletea spesa, kipande cha chuma cha kuweka kati ya habu na rimu ili gurudumu litoke nje. Spesa zenye nati zake na kitovu chake, zilizochongwa kwa vipimo vya gari lako, naweza kuzikubali. Vile visahani vya kuchomeka tu kwenye stadi za zamani (bolti za habu zinazoshika nati) vinakula urefu wa stadi. Stadi ya Premio ni ya milimita 12 na kila mzunguko mmoja wa nati unasogea milimita 1.5, hesabu mizunguko unapokaza kwa mkono, na isipofika 8, toa hicho kisahani.

Na nati zenyewe zitazame. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye washa bapa na shingo iliyonyooka. Rimu nyingi za dukani zina matundu ya umbo la koni na zinataka nati yenye mdomo wa koni. Ukifunga nati bapa kwenye tundu la koni, zinagusana ukingoni tu. Kwa macho zimekaza. Nati za Subaru usizilete Toyota hata kama zinafanana, kwa sababu meno yake yanapishana milimita 1.25, si 1.5, na utaharibu stadi. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, Nm (nyutoni-mita) 103, kisha rudia baada ya kilomita 50 au 100.

Nilichonunua mwishowe ni rimu za inchi 16, upana 6.5, ET 40, tano mia, pamoja na pete 4. Nje zimetokeza milimita 11 zaidi ya zile za Japani, ndani milimita 1 na kidogo. Kabla ya kulipa niliomba tufunge moja mbele kushoto bila tairi, tukazungusha kwa mkono kuona kama inagusa kalipa ya breki, kisha tukafunga yenye tairi, tukakata usukani mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto huku vijana watatu wamekalia kiti cha nyuma. Muuzaji alikuwa mvumilivu. Nilimweleza sababu.

Kwenye tairi nilisoma mambo mengine mawili. Lile la 205/55R16 limeandikwa 91V. Namba 91 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 615, sawa na la kiwandani. Zile 205/40R17 zilikuwa 84, yaani kilo 500. Magurudumu manne yanapishana kilo 460, na hapo sijaweka gunia la viazi la shangazi. V ni mwendo wa hadi kilomita 240 kwa saa, ambao sina haja nao. La pili ni tarakimu 4 za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzima, linang'aa kwa mafuta ya kupaka, na bado mpira wake umeshachoka kwa kukaa. Kwa mtumba, anza kusoma hapo kabla ya kuuliza bei.

Baada ya kufunga nilifanya alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Spea niliiacha ileile ya 195/65R15, na sasa inafaa, kwa kuwa kimo chake na cha wenzake vimepishana milimita 2.6 tu.

Pasaka nikampeleka tena mama Iringa. Pale Mikumi nilisimama makusudi kwenye kile kibanda. Mzee alinikumbuka, au labda alimkumbuka mama. Hakuniuliza kitu, alichuchumaa, akaweka vidole ubavuni mwa tairi, akafika karibu sita, akatikisa kichwa kukubali. Nikamweleza ile hesabu ya upana na asilimia na inchi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimwandikie kwenye mlango wa kibanda, kwa kuwa wateja wenye gari kama langu wanapita kila siku. Nikaandika kwa chaki: 195/65R15, 634.5. Chini yake: 205/55R16, 631.9. Akauliza, "Na lile ulilokuja nalo Desemba?" Nikaandika 205/40R17, 595.8. Mzee akaichukua chaki mkononi mwangu, akaikata ile ya mwisho kwa mstari mmoja mnene.